Aliyecheka wa Pili

Mabawa, Tanga

Mwantumu mwanangu,

Habari za hali nazikata, kwa kuwa tuko nyumba moja, ukuta mmoja katikati, na nakusikia unavyogombana na zipu ya begi. Ya mbu, ya maji ya kuchemsha, ya kupiga simu kila Ijumaa, ya soksi, mama yako ameyasema yote mara tatu, na naamini kesho atayarudia stendi mbele ya askari wenzako ili uaibike vizuri. Sina la kuongeza hapo. Mimi unanijua: ni mtu wa soga, na soga zangu zote umeshazisikia, hasa zile za Urusi, za theluji na viatu. Tatizo ni kwamba ile ya viatu nimekusimulia nusu miaka yote hii. Nusu niliyokupa ni ile inayochekesha.

Leo nakuandikia nusu nyingine. Nakuandikia kwa sababu kesho pale stendi utamtafuta Baba Kaspari, utageuza shingo kila pikipiki ikisimama, na hatakuwepo. Sababu ya kutokuwepo kwake ni mimi. Na liko jambo la pili, lako wewe mwenyewe, ambalo nalo ni mimi. Nitafika huko. Ukiona nazunguka ujue naogopa.

Sisi tulikua wakati dunia ina wakubwa wawili, Mmarekani na Mrusi. Walinuniana tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kila mmoja amekalia mabomu ya kutosha kutumaliza sote, na kwa kuwa hawakuthubutu kupigana wenyewe, wakapigana kwa mikono ya watu wengine. Angola, Msumbiji, na kwingine ambako mtu wa kawaida hakuwa na ugomvi na Mmarekani wala Mrusi. Serikali yetu ilisema haifungamani na upande wowote. Sisi wanafunzi, kusema kweli, tulifungamana na yeyote aliyetuma magazeti.

Maana walituma. Moscow walikuwa na matangazo ya Kiswahili, Washington nao walikuwa nayo, na ukiwaandikia barua ya kuwasifu wanakuletea gazeti la karatasi inayong'aa, kalenda, pengine na beji. Tulisikiliza dukani kwa Bwana Karim, Mhindi mmoja wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, aliyeuza vipuri vya baiskeli. Alikuwa na redio ya masafa mafupi kubwa kama jeneza la mtoto. Nusu saa Moscow, nusu saa Washington, anatazama saa yake, na ukimwomba aache kidogo upande mmoja umalize habari, anakataa. "Mimi nauza tyubu kwa watu wote," anasema. Mpaka leo sijasikia mtu aliyeeleza siasa ya kutofungamana kwa ufupi kuliko Bwana Karim.

Kaspari nilikuwa nakaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa manamba, alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, wakaishi kambini upande wa Pongwe, Wakatoliki wa kwenda misa kwa miguu. Sisi Wabondei na Wanyamwezi ni watani, na utani wenyewe wewe umeuona ukiwa umepungua makali. Zamani ulikuwa kazi kamili. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unacheka. Siku tuliyomzika babu yako, Kaspari alishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa kuwa marehemu alikufa na jogoo wa ukoo wao tumboni. Watu walilia wakicheka. Mtani anaingia kwako, anachukua anachotaka, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Nasikia wazee waliiweka ili watu waliowahi kupigana, au wangeweza kupigana, wapate njia ya kukaa pamoja. Ni jambo zuri. Sitaki useme baba ameudharau utani. Nilichofanya mimi ni kuutumia vibaya.

"Mbondei wewe," Kaspari alikuwa akiniambia kila asubuhi, "babu zetu walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka mlangoni kwenu, hata maji hamkutupa."

"Mngepewa maji mngekaa," namjibu. "Na mmekaa hata bila maji."

Alinishinda hesabu, alinishinda fizikia, alinishinda kila kitu isipokuwa mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Basi barua zetu zote za redioni nilikuwa naandika mimi. Jumatatu namsifu Mrusi, nasaini jina langu. Jumanne namsifu Mmarekani kwa maneno yaleyale, nasaini Kaspari, kwa kuwa yeye alipenda roketi na picha nzuri za roketi zilitoka Washington. Magazeti yakifika tunayavalisha madaftari yetu. Yangu matrekta na wanawake wa mavuno ya ngano. Yake roketi, roketi, na mtu anaelea mwezini. Dawati letu, Mwantumu, lilikuwa dunia nzima kwa upana wa futi tatu, na hapakuwa na vita. Tulikopeshana rula.

Tulipomaliza kidato cha sita ikaja nafasi ya kwenda kusoma Urusi, uhandisi wa meli. Nafasi moja. Waliobaki mwishoni tulikuwa wawili, mimi na yeye. Kila mtu alijua ni yake. Mimi mwenyewe nilijua. Siku ya usaili nilikwenda kama mtu anayesindikiza.

Chumba kilikuwa na meza, feni iliyokufa, na bwana mmoja mgeni, mpole, si mtu wa kwetu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza mambo ya kawaida nikajibu kwa kawaida. Kisha akafunga faili langu akafungua jingine.

"Huyu mwenzako Kaspari. Mnakaa naye karibu. Ni mtu wa namna gani?"

"Kaspari?" nikasema. "Yule Mmarekani yule, mzee. Mnyamwezi wa Washington. Pekua madaftari yake uone, roketi tupu. Hata barua anawaandikia."

Nikacheka. Bwana yule hakucheka. Akatoa kalamu ya pili.

Hapo, mwanangu, ndipo niliporuka miaka yote nikikusimulia. Nilimwona anaandika. Kalamu ilimaliza mstari, ikashuka, ikaanza mwingine. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kusema mzee, samahani, yule ni mtani wangu, sisi tunasemana hivyo, futa hiyo, na barua zile nimeandika mimi kwa mkono wangu huu. Nilikuwa na muda hata wa kunywa chai. Nilikaa nikamtazama anaandika, na ndani yangu kuna kitu kilisema: mwache. Sikupanga kabla sijaingia, hilo naweza kuapa. Lakini kalamu ilipoanza kutembea nilijua inaelekea wapi, na nikatulia kimya kama mtu anayenyolewa.

Jina lililobandikwa lilikuwa langu. Babu yako alininunulia viatu vyeusi vya ngozi vya safari, vya kwanza maishani mwangu visivyowahi kuvaliwa na mtu mwingine. Kaspari akaja nyumbani jioni ileile.

"Mbondei, umepasi."

"Nimepasi," nikasema. "Na wewe nimekuchongea, Mnyamwezi. Nimewaambia wewe ni jasusi wa Marekani."

Nilicheka mimi kwanza. Yeye alinitazama kidogo, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali. Kisha naye akacheka. Akaingia ndani, akavitoa viatu vyangu kwenye boksi, akavivaa palepale, vikambana, akatembea navyo ukumbini mbele ya babu yako. "Fidia hii," akasema. "Mtani hachukiwi." Akaondoka navyo.

Hicho ndicho kipande unachokipenda. Baba anaingia Moscow amevaa raba alizoazimwa na Bwana Karim, askari wa uwanja wa ndege anamtazama miguu. Umecheka tangu una miaka minne. Mama yako hucheka. Kaspari mwenyewe akiwepo hucheka. Ila ukikumbuka vizuri, utaona kwamba kila mara mimi hucheka kwanza, na yeye hucheka wa pili.

Unakokwenda utasimama katikati ya watu waliowahi kuchinjana. Sijui kazi yenyewe, wewe umefundishwa na mimi nimefundishwa kutengeneza mafriji. Lakini utawakuta wawili wanacheka pamoja na mmoja atakuambia, afande, sisi tumeshayamaliza, tunataniana siku hizi. Mtazame yule mwingine, aliyecheka wa pili. Mtazame mdomo wake unavyofunga. Hilo ndilo pekee ninalolijua kuhusu kulinda amani, na nimelijua kwa kuwa upande usiofaa.

Urusi walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Kulikuwa na mama mmoja mfagiaji wa bweni letu. Aliziona zile raba siku theluji ya kwanza inaanguka, akapiga kelele, sikuelewa hata neno, akanishika mkono kama mtoto mpaka kwake akanipa buti za marehemu mumewe. Zilinizidi saizi mbili. Niliingia darasani nikitembea kama bata. Nikajiambia, hili ndilo dola tuliloambiwa linaitetemesha dunia, na hapa limepiga magoti linanifunga kamba za viatu. Miaka miwili na nusu baadaye dola lenyewe likavunjika, mchana kweupe, kama mtu anayefunga duka. Asubuhi moja walimu hawakujua wao ni walimu wa nchi gani. Posho yetu ikakoma. Yule mama nilimkuta barabarani amepanga vijiko vyake juu ya gazeti anauza. Sikuwa na chochote cha kumpa. Nilirudi Tanga na sanduku lililofungwa kwa kamba, nusu ya shahada isiyotambulika popote, na Kirusi cha kununulia mkate.

Hivyo nafasi ile niliyomnyang'anya mwenzangu hata sikuifikisha mwisho. Mara nyingine nawaza: angekwenda yeye, kwa kichwa kile, angekuwa ameshafika mbele ya kutosha, wangemhamishia chuo kingine, angemaliza. Pengine nakosea. Pengine naye angerudi na sanduku. Lakini lingekuwa sanduku lake.

Nilipofika nyumbani Kaspari alikuwa ameshaingia jeshini, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine. Miaka ikapita, wakubwa wakaacha kununiana, au tulidhani wameacha, na kazi ya dunia ikawa kupeleka askari wenye bereti za buluu mahali ambapo bunduki zao zilikuwa zimebaki. Akaenda. Nchi yenyewe hataji jina, husema "kule." Wewe umemsikia kuliko mimi. Alinisimulia mara moja tu habari ya soko, tumekaa hapa barazani. Walilinda soko kati ya makundi mawili miezi mitano. Watu walinunuliana mahindi mbele ya bunduki zao, wakiulizana hali za watoto, kisha kila kundi linarudi kwa njia yake. Makamanda wao wakaomba ruhusa ya kuongeza muda. Ruhusa ilikuwa kwa wakubwa huko juu, wale wenye kura ya turufu, mmoja akitaka hivi mwingine anataka vile.

"Wao walibishana koma na nukta," akaniambia, "sisi tukafungasha."

"Na soko?"

Akanyanyua kikombe akanywa kahawa. 

Kule ndiko lilikofia sikio lake la kushoto, bomu liliporipuka kando ya gari lao. Ndiyo maana akija hapa hukaa kiti cha ukutani, akuelekezee la kulia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamzunguka unamnong'oneza upande mbovu ili asikusikie, naye anajibu kila neno kwa kubahatisha, mnacheka wote wawili. Mimi nilikuwa natoka nje. Ulidhani baba hapendi kelele. Sikio lile, nikilitazama, nilikuwa naiona ile kalamu ya pili.

Sasa la kwako.

Ulipokuja mwaka huu ukasema jina lako limetoka, unakwenda kulinda amani, nilikupongeza nikakuchinjia kuku. Unakumbuka. Huku redioni, au niseme kwenye simu, maana siku hizi hata habari mbaya zimekuwa ndogo, nasikia wakubwa wamerudi kununiana, wapya na wazee, na huko kwenye baraza lao la amani kila mmoja anainua mkono kumzuia mwenzake. Nikakumbuka soko la Kaspari. Nikaona mwanangu amesimama sokoni anasubiri karatasi.

Basi siku moja kwenye kahawa nilikuwa nimekaa na bwana mmoja, tabibu, namjua kwa kumtengenezea friji, na nilijua ana neno kule mnakopimwa afya. Nikamwambia, nikicheka, "Yule binti yangu mnampeleka wapi, alikuwa na pumu yule, usiku mzima anafoka kama birika." Ulikuwa na kifua mara mbili ukiwa mdogo, kikaisha kabla hujaanza shule. Nilitia chumvi, na sikutia kidogo. Bwana yule naye hakucheka.

Ulipoitwa mara ya pili kupimwa mapafu, ni mimi. Mara ya tatu walipokuambia ukae pembeni wenzako wakipimwa sare, ni mimi. Ulirudi hapa ukalia jikoni umegeukia ukuta, na mimi, Mwantumu, nikakuletea chai ya tangawizi, nikakushika bega, nikakuambia Mungu ana mipango yake. Mikono iliyokushika ndiyo iliyokutenda.

Aliyefumua nilichokishona ni Kaspari. Alisikia kwa mama yako, akatoka Pangani alfajiri, akapanda pantoni, akapanda basi, akaenda kukaa kwenye benchi la mlango wa ile ofisi mnakopimwa afya, na bereti yake kuukuu kichwani, siku mbili, mpaka wakakupima tena mbele ya mganga mwingine wakaandika uko mzima. Jioni ya siku ya pili alipita hapa. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia asante, mtani, umemsaidia mtoto.

"Neno likishaandikwa kwenye faili," akasema, "halifutiki lenyewe. Lazima mtu akakae mlangoni." Akavua bereti akaipangusa vumbi. "Mimi sikuwa na wa kunikalia."

Hakunitazama aliposema. Hakusema kwa utani wala kwa kulaumu, alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Lakini tangu siku ile sikulala vizuri, na mama yako akadhani ni kwa sababu unaondoka. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu nikijiambia nilikosea mara moja, nikiwa kijana, nusu kwa mzaha. Kumbe sikukosea mara moja. Mtu yule bado yuko, anakunywa kahawa, na akipata nafasi anasema neno akicheka.

Leo asubuhi niliwaambia nakwenda Pangani kutengeneza friji la hoteli. Hakukuwa na friji. Nilivuka kwa pantoni mpaka Bweni, ng'ambo ya mto, nikamkuta Kaspari uani kwake anafua nazi.

"Karibu, mtani," akasema. "Umekuja kuomba au umekuja kuiba? Niambie nijue pa kuangalia."

"Nimekuja kusema."

"Sema upande huu basi." Akageuza sikio zima.

"Ile siku ya usaili. Nilipoulizwa habari zako."

"Ukasema mimi Mmarekani. Nikachukua viatu. Kesi ilikwisha zamani, Mbondei, chukua nazi."

"Haikuwa utani, Kaspari."

Akachomeka nazi kwenye kifuo, akaivua ganda, akaitupa kwenye rundo. Akachukua nyingine.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Yule bwana aliniita kesho yake. Aliniambia nilete madaftari, nikaleta. Ndani yake kulikuwa na barua moja ya Washington hatujaituma. Akaniuliza, nani ameandika hii? Nikaitazama. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka." Akafua ile nazi. "Nikasema mimi."

Nilikaa chini, juu ya makumbi. Sikuwa nimekaribishwa kukaa.

"Kwa nini?"

"Ningesema ni wako tungekosa wote. Nikaona aende mmoja."

Sikujua hili, mwanangu. Nimekuwa nikibeba lile nililolifanya, na kumbe sikuwa nimebeba hata nusu. Nikamuuliza, na swali lenyewe lilikuwa la kijinga, mbona hakuwahi kuniambia.

"Nilikusubiri wewe. Nilipokuja kwako jioni ile nilikuja ili uniambie. Ukaniambia ukicheka. Uliporudi kutoka Urusi nikasubiri. Ukaja na utani. Kila Idi, kila Krismasi, unakuja na utani." Hakupandisha sauti. "Mtu akishakuambia ni utani, wewe unakwenda kukasirika wapi? Nani atakusikiliza?"

Akaitupa nazi kwenye rundo.

"Basi leo unasema haikuwa utani."

"Haikuwa."

Na nikaona kwa kuwa nimeanza nimalize, nikamwambia na habari ya mapafu yako. Yote, kahawa, tabibu, chumvi. Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Alinitazama, Mwantumu, na kwa mara ya kwanza tangu tukae dawati moja niliuona uso wa Kaspari bila kicheko hata cha akiba.

"Basi leo nimekasirika," akasema.

Akanawa mikono kwenye ndoo, taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Mkewe alitoka jikoni na chai, akakuta mlango umefungwa na mimi nimekaa juu ya makumbi, akasimama na sinia asijue ampe nani. Nikasema shemeji, usihangaike. Nilikuwa nimeshika njia kuelekea pantoni niliposikia dirisha likifunguliwa nyuma yangu.

"Mtoto amejua?"

"Bado," nikasema.

"Umwambie kabla hajaondoka. Kesho sitakuja. Nitampigia mwenyewe akishafika, hayo ni yangu na yeye. Wewe usiniletee salamu wala maneno."

Ndiyo hivyo. Nimemwondoa mtu stendi kwenye safari ambayo yeye ndiye aliyekufungulia. Nilikwenda Pangani, nakiri, nikitegemea kwamba atacheka, atachukua shati langu, tutakwisha. Nilivyorudi ndivyo nilivyokwenda, na shati langu ninalo. Lakini sitaki ufikiri nalalamika. Hasira ile ni yake, niliikalia zaidi ya miaka thelathini, na leo nimemrudishia. Akae nayo kadiri anavyotaka. Wiki ijayo nitavuka tena, sitabeba utani. Akifunga mlango nitakaa nje yake. Benchi analo.

Wewe sikuombi kitu. Usinipigie kuniambia yamekwisha kwa sababu tu niko mbali na unanionea huruma. Una haki ya kukasirika na mimi, nakupa kwa maandishi, na mama yako akikuuliza mbona umenuna usinifiche, mwambie akaniulize mimi. Ukimpigia Baba Kaspari, usinitetee. Na ukipata mtu kule anayekuambia jambo fulani lilikuwa mzaha tu, usimjibu haraka.

Naipitisha barua hii chini ya mlango wako sasa hivi, kabla sijaisoma tena nikaikunja nikaitia mfukoni. Asubuhi nitakuwa sebuleni. Ukitoka ukanipa shikamoo, nitaitikia. Ukipita kimya, nitajua umesoma mpaka hapa, na begi lako nitalibeba hivyo hivyo mpaka stendi.

Baba yako